Yaani, eee, nanihii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuzungumza mbele za watu

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu niliowasaidia kujiandaa: washereheshaji wa harusi, wahitimu wanaokwenda kutetea tasnifu, viongozi wa vikundi, vijana walioitwa kwenye usaili. Majibu ni yale ninayowapa wao, ana kwa ana.

Maneno ya kujazia ni yapi hasa?

Ni sauti na maneno yanayotoka mdomoni wakati akili bado inatafuta la kusema. Kuna sauti tupu kama "eee", "aaa" na "mmm". Kuna maneno yenye maana yake halali yaliyogeuzwa kuwa fimbo ya kutembelea: "yaani", "kwa hiyo", "kiukweli", "kimsingi", "unajua", "ni kwamba". Kenya utasikia sana "manake". Kuna maswali yasiyongoja jibu, kama "si ndiyo?", "tuko pamoja?", "mmenielewa?". Na kuna "nanihii", inayokaa mahali pa jina lolote, na ukiibana kidogo inakaa hata mahali pa kitendo: "halafu akananihii pale".

Lipo jingine ambalo karibu kila mtu husahau kulihesabu. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu, na irabu inavutika. Basi mtu akikwama hana haja ya kutafuta "eee" pembeni, anaivuta ileile ya mwisho: "kwa sababuuu...", "lakiniii...", "na kwambaaa...". Atakuapia kwamba yeye hajazii, kwa kuwa hajasema "eee" hata moja. Ukimsikiliza utagundua kila kiunganishi chake kina mkia. Mkia huo unaumiza sikio kwa sababu Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukihamishia uzito kwenye silabi ya mwisho, neno zima linapinda. Ushauri mwingi wa kigeni unakwambia hesabu "aaa" zako. Mzungumzaji wa Kiswahili ahesabu na mikia.

Kwa nini tunajazia? Ni woga?

Woga huongeza, lakini si chanzo. Hata ukizungumza na dada yako jikoni unajazia. Chanzo ni kwamba tunapanga maneno huku tukiwa tayari tunasema, na mara nyingine mpango unachelewa. Ulimi umefika, neno halijafika. Ndiyo maana lugha nyingi zina vijazio vyake: Mfaransa ana "euh", Mjapani ana "ano" na "eto", Mmeksiko ana "este".

Mwaka 2002 watafiti Herbert Clark na Jean Fox Tree walichapisha uchambuzi wa mazungumzo ya Kiingereza ulioonyesha kwamba "uh" hutangulia kukwama kufupi na "um" hutangulia kukwama kurefu zaidi. Yaani hata sauti hizo zina kazi: zinamwambia msikilizaji "subiri, nakuja". Kwenye mazungumzo ya watu wawili ni kama kushika kiti ili mwingine asikikalie. Tatizo ni kwamba jukwaani hakuna anayetaka kukalia kiti chako. Kipaza sauti unacho wewe, watu wamekaa kimya, na wewe bado unapigania nafasi ambayo tayari ni yako.

Je, nilenge kuyafuta yote?

Hapana. Nimemsikia kijana mmoja aliyeyafuta yote. Alisikika kama tangazo la kituo cha mabasi. Mazungumzo ya kawaida, yasiyoandaliwa, hayawi safi hivyo, na sikio letu limezoea. "Yaani" ikisimama mahali pake, unapofafanua jambo ulilolisema sasa hivi, iache. "Kwa hiyo" ikiwa kweli inaleta matokeo ya sababu uliyoitaja, iache. Ondoa ile isiyofafanua wala kuunganisha chochote.

Kipimo changu ni kimoja tu: je, msikilizaji ameanza kuhesabu? Mwanafunzi wa nyuma akishaanza kuchora vijiti kwenye daftari kila mwalimu anaposema "kimsingi", somo limekwisha.

Nitajuaje ninayo mangapi? Mimi sijisikii kabisa.

Hakuna anayejisikia. Jirekodi kwa simu, dakika mbili, ukizungumzia jambo unalolijua, bila karatasi. Kisha fanya kazi ambayo wengi wanaikimbia: andika kila kitu ulichosema, neno kwa neno, pamoja na mikia.

Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, aliniletea rekodi ya taarifa yake ya mwezi. Tuliiandika hivi:

"Kwa hiyo yaani mwezi huuu, kwa hiyo tumekusanya eee, ile michango yetu ya kawaida, yaani ni laki nne naaa, na nanihii, na themanini, elfu themanini, halafu sasa kwa hiyo ile faini, yaani waliochelewa, faini ni elfu kumi na... kumi na mbili."

Alipoiona karatasi alishika kichwa. "Mwanangu, ndivyo ninavyoongea?" Nikamwambia atazame kitu kingine: "kwa hiyo" tatu, "yaani" tatu, na karibu zote zimekaa mahali pamoja, kabla ya tarakimu au kabla ya kuanza jambo jipya. Ndani ya sentensi anazozijua hana hata moja. Hiyo ndiyo faida ya kuandika. Idadi peke yake inakutia aibu, mahali zilipo panakuonyesha unakwama wapi. Yeye hakuwa na tatizo la kuongea. Hakuwa amezipanga hesabu zake jinsi zitakavyosemwa.

Mwezi uliofuata alisimama akasema: "Michango ya kawaida ni laki nne na elfu themanini." Akanyamaza. "Faini ni elfu kumi na mbili." Akanyamaza. "Jumla, laki nne na elfu tisini na mbili." Sekunde zisizozidi ishirini, na hakuna aliyeomba arudie.

Nikinyamaza, si watu watafikiri nimesahau?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, na ningekuwa na nafasi ya jibu moja tu ningejibu hili. Huwezi kuondoa neno la kujazia ukaacha shimo; lazima uweke kitu, na kitu chenyewe ni kimya. Mtu anayejaribu kuacha "yaani" bila kujifunza kunyamaza ataishia kwenye "kiukweli". Nimeliona hilo mara nyingi.

Kimya cha jukwaani kina vipimo viwili tofauti. Kwako wewe unayesema, sekunde mbili ni kama kusimama uchi sokoni. Kwa anayesikiliza, sekunde hizohizo ni nafasi ya kumeza alichosikia. Usiniamini kwa maneno. Jirekodi ukinyamaza sekunde mbili kamili kati ya sentensi, kisha sikiliza kesho yake. Utashangaa jinsi kimya kile kilivyokuwa kifupi.

Sikiliza kanda za Mwalimu Nyerere, kwa mfano hotuba ya Mei Mosi aliyoitoa Mbeya mwaka 1995. Anauliza swali, ananyamaza. Watu wanacheka au wanaguna, anawaachia wamalize. Kisha anarudia maneno machache ya mwisho na kuendelea. Hakimbilii kuziba. Umati mzima unamngoja, na kadiri unavyongoja ndivyo unavyozidi kusikiliza.

Namna ya kujizoeza: funga mdomo. Nasema midomo igusane kabisa, meno yakutane. Midomo ikiwa wazi huku pumzi inatoka, "eee" itapita tu, maana "eee" si zaidi ya pumzi yenye sauti. Ukifika mwisho wa sentensi, funga, vuta pumzi kwa pua, mtazame mtu mmoja, ndipo ufungue kwa neno la kwanza la sentensi inayofuata. Siku za mwanzo itakuwa kama kutembea kwa kuhesabu hatua. Endelea hivyohivyo, hasa kwenye mazungumzo ya kawaida ambako hakuna anayekupima.

Tatizo langu ni "nanihii". Inanitoka hata kwa vitu ninavyovijua.

Lugha yenyewe ina mchango hapa. Kwa Kiswahili jina ndilo linaloongoza sentensi nzima: kitu kikiwa cha ngeli fulani, kila kinachokizunguka kinakifuata. Ukianza na "kile" umeshajifunga kwenye kitu cha ngeli ya KI. Ukianza na "zile" umejifunga kwingine. Sasa mtu anaanza sentensi kabla jina halijamjia: "Tukanunua hii... hiki... hizi nanihii... vifaa." Amepita ngeli tatu akitafuta mlango mmoja. Aliyekwama hapo hana upungufu wa Kiswahili. Ameanza na mkia wa ng'ombe badala ya pembe.

Dawa ni kutanguliza jina. Kiswahili kinaruhusu vizuri kabisa: "Vifaa tulivinunua mwezi wa tatu." "Barua tumeipeleka kwa mtendaji." "Vijana wa ulinzi tutawalipa Ijumaa." Jina likishatoka, viambishi vinajipanga vyenyewe na huna cha kutafuta. Jaribu siku moja nzima kuanza kila sentensi kwa jina la kitu unachokizungumzia. Ni zoezi dogo, na sijaona jingine linalopunguza "nanihii" haraka kama hili.

Kwa majina ya watu, hakuna mbinu. Yaandike kwenye kadi, pamoja na cheo, na ulizia yanavyotamkwa kabla ya shughuli. Kumwita mgeni rasmi "Mheshimiwa nanihii" ni jambo ambalo ukumbi hausahau.

Nikifika kwenye tarakimu na tarehe ulimi unagoma.

Kwa sababu umeziandika kwa tarakimu na unataka kuzisema kwa maneno papo hapo. 1,350,000 kwenye karatasi ni alama. Mdomoni ni "milioni moja, laki tatu na elfu hamsini". Kuna kazi ya kutafsiri katikati, na mara nyingi tumezisoma hesabu hizo kwa Kiingereza shuleni au kazini. Saa ni hivyohivyo: ratiba inasema 14:00, wewe unatakiwa kusema saa nane mchana, na hapo katikati ndipo inapochomoza "eee". Kwenye karatasi yako ya kuzungumzia andika jinsi utakavyotamka. Mwaka pia: "elfu moja mia tisa sitini na saba", kwa herufi, kama unajua utajikwaa.

Kisha punguza. Hakuna msikilizaji anayebeba hesabu sita kichwani. Mpe mbili, nyingine ziwe kwenye karatasi atakayogawiwa.

Je, misemo mirefu nayo ni ya kujazia?

Ndiyo, na hii inanikera zaidi kwa sababu imevaa suti. "Katika suala zima la elimu" maana yake ni "katika elimu". "Kwa namna moja ama nyingine" mara nyingi haina maana yoyote. "Naomba nichukue nafasi hii adhimu kabisa kuweza kutoa shukrani" maana yake ni "nashukuru". Angalia hiyo "kuweza": "tuweze kuweza kufanikisha". Mtu anaipenda kwa sababu inampa muda wa kufikiri huku akisikika rasmi. Wasikilizaji wanajua. Wanaanza kutazama simu.

"Itifaki imezingatiwa" siiweki kundi hili. Maneno mawili yanayookoa dakika tano za kutaja wakubwa mmoja mmoja yana kazi yake.

Mimi ni mwalimu. Nina tabia ya kukata neno wanafunzi wamalizie. Je, ni kosa?

Darasani, kwa kiasi, si kosa. "Kitu hiki tunakiita ki...?" "Kivumishi!" Darasa linaamka. Lakini ikishakuwa tabia utajikuta unawafanyia wazazi kwenye kikao cha shule: "Na ada ilipwe kwa wa...?" Watu wazima hawapendi kuachiwa sentensi nusu. Wakinyamaza, utabaki wewe na silabi yako. Hata darasani, fikiria mtoto wa nyuma ambaye hajui jibu. Amejifunza tu kuvuta "iii" na wenzake.

Nachanganya na Kiingereza: "so", "actually", "basically". Nifanyeje?

Ichukulie kama "yaani" tu, kwa sababu ndivyo ilivyo. "So" inakaa palepale palipokuwa na "kwa hiyo". Kuitafsiri hakusaidii, utakuwa umebadilisha rangi ya fimbo. Ondoa, funga mdomo, anza na jina.

Nikikosea neno, niombe radhi?

Kama umekosea jambo lenye uzito, tarehe ya mkutano, jina la marehemu, kiasi cha fedha, sema "samahani", sahihisha, endelea. Kwa kuteleza kidogo kwa ulimi, sema neno sahihi na upite. Watu hawakuona, wataona utakaporudi nyuma mara tatu kulifuta. Kila "samahani" ya ziada inawafanya waanze kuwinda kosa linalofuata.

Ulimi wangu unachanganya "r" na "l". Watu wananicheka.

Wanaokucheka hawana adabu. Wengi wetu Kiswahili ni lugha ya pili, na lugha kadhaa za mama katika ukanda huu hazitenganishi sauti hizo mbili kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Unaweza kuzizoeza: vitanza ndimi vya shuleni kama "wale watu wa liwali hawali wali wa liwali" vina faida vikisemwa polepole, si mbio kama mashindano. Chagua maneno kumi unayoyatumia kila siku kazini, yazoeze hayo, mengine yatafuata. Lafudhi yako iache. Ni nyumbani kwako.

Mwanangu anarudia silabi, "ma-ma-ma-maji". Ni jambo hilihili?

Hapana, na naomba lisichanganywe. Kigugumizi ni hali ya usemi yenye asili yake mwilini. Si woga, si uvivu, si kuiga. Mara nyingi huanza kati ya miaka 2 na 5, na watoto wengi huachana nacho. Kwa watu wazima hukadiriwa kuwa mmoja kati ya mia. Mbinu za ukurasa huu hazikuandikwa kwa ajili ya kigugumizi, na kumhesabia mtoto mwenye kigugumizi makosa yake ni kumuumiza.

Msikilize hadi amalize. Usimmalizie neno, usimwambie "tulia" au "anza upya". Zungumza naye wewe mwenyewe polepole. Kama hali inaendelea kwa miezi, au anaanza kukwepa kuongea, ulizia hospitali kubwa iliyo karibu kama ina mtaalamu wa tiba ya usemi. Tarehe 22 Oktoba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu kigugumizi. Ni nafasi nzuri kwa shule kulizungumza bila kumnyooshea mtoto kidole.

Kuna mahali pa kujizoeza na wenzangu?

Toastmasters, shirika la klabu za kujizoeza kuzungumza mbele za watu lililoanzishwa na Ralph C. Smedley huko Santa Ana, California, mwaka 1924, lina klabu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ingawa mikutano mingi huwa kwa Kiingereza. Wana desturi nzuri: kila mkutano mtu mmoja hupewa kazi ya kuhesabu vijazio vya wazungumzaji na kutoa taarifa mwishoni.

Unaweza kuifanya nyumbani bila klabu. Mwenzako akae na kopo tupu na maharage. Kila ukisema neno mliloafikiana, anatupia harage moja. Ile sauti ya "ka!" inatosha. Ila sharti ni neno moja kwa wiki. Ukiamua kupambana na "yaani", "kwa hiyo", mikia na "nanihii" kwa pamoja, utashindwa hata kusema jina lako. Na mwenzako asiwe mtu wa dhihaka. Nimeona mazoezi haya yakifanywa kwa kengele na vicheko. Mzungumzaji alitoka akiwa mwoga kuliko alivyoingia.

Nikariri hotuba yote?

Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Aliyekariri yote akipoteza neno moja anapoteza njia. Katikati uwe na vichwa vitano au sita kwenye kadi, kila kimoja kikianza na jina: "Kisima". "Ada ya mlinzi". "Uchaguzi". Ukimaliza kimoja, tazama kadi kwa utulivu, mdomo umefungwa. Hakuna kosa kutazama kadi mbele za watu.

Nina siku mbili tu. Naanzia wapi?

Leo jioni: sema hotuba yako yote mara moja ukijirekodi, bila kusimama. Andika mahali ulipojazia. Utakuta ni mahali kama patatu au pane, kwingine ni marudio. Kwa kila mahali, andika sentensi moja utakayoisema, ikianza na jina. Tarakimu uziandike kwa herufi.

Kesho asubuhi: zisome sentensi hizo kwa sauti ukiwa umesimama, mara tano. Mchana usiguse kitu. Jioni sema hotuba yote mbele ya mtu mmoja, ukinyamaza kila mwisho wa sentensi hadi akuone unapumua.

Siku yenyewe, fika mapema, simama pale utakapozungumzia, kijaribu kipaza sauti. Ukiitwa, tembea, fika, weka kadi, funga mdomo. Watazame. Hesabu moja, mbili. Kisha anza na ile sentensi uliyoikariri.